Tisa Iliyojaa

Wakati sisi tunakua, kahawa ilianzia nyuma ya stesheni ya Ruiru na haikuisha mpaka uone moshi wa viwanda vya Thika. Siku hizi wameing'oa, wamejenga nyumba, na mtaa wameuita kwa jina la kahawa ili isisahaulike. Getini kuna askari anayeniuliza naenda namba gani. Pale anaposimama yeye ndipo Nduta, mwenzangu wa utotoni, alipokuwa akikaa kula udongo.

Wewe wa rika langu, sema ukweli: ni nani aliyewahi kukupeleka nje ukajifunze? Nje ndiko tulikokuwa. Ndani tuliingia kulala.

Mjukuu wangu Ciru ana miaka minne, anaenda nasari hapa Mwihoko, na kwao nje ni somo. Lina saa yake, Jumatano baada ya uji, kama hakuna jua kali, na kama hakuna manyunyu, na kama mwalimu haumwi na koo. Ukutani wamebandika karatasi kubwa yenye picha, mambo ya mtoto kufanya nje mwaka mzima. Inasema mwezi wa kumi watoto waokote majani yaliyogeuka rangi yakaanguka, na mwezi wa kumi na mbili watengeneze mtu wa theluji. Mwaka jana tuliambiwa tulete pamba. Nikapeleka. Mtu wa theluji akakaa dirishani Mwihoko kwenye jua la Disemba, amefungwa skafu shingoni. Mimi niliishia darasa la pili, na hatukuwa tumefika kwenye theluji.

Mwaka wetu haukubandikwa popote. Tulikaa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba la kahawa, na mama zetu wakitoka alfajiri na madebe yao, sisi wadogo tuliachwa kwa Nyokabi. Nyokabi alianguka kutoka kwenye ngazi ya kuchumia, nyonga ikakataa kupona vizuri, na nyapara akaona mtu asiyeweza kupanda ngazi anaweza kulea. Hivyo ndivyo walimu walivyopatikana.

Januari, vumbi likiwa laini kama unga, Nyokabi alitupanga mstari barabarani tuchore kwa kidole. Ukichora ng'ombe asiye na pembe, anakuuliza kama ulimnunua hivyo. Tulipima kivuli cha ngazi kwa nyayo zetu, kikifika nyayo tatu tunajua githeri ya mchana inakaribia, na tumbo lilisoma hiyo saa kabla ya macho. Mvua ya Aprili ilipoanza tulifinyanga sufuria za matope na tukapikiana matope. Kumbikumbi wakitoka tuliwakimbiza, tukang'oa mabawa, tukala wengine kabla hawajafika kwenye moto. Leo mtoto akishika mdudu anapakwa dawa mikononi mpaka kiwikoni.

Julai ilikuwa baridi ile ya kushika magoti. Ukungu ulikuwa unakaa kwenye kahawa mpaka saa nne, na Nyokabi alitutuma mmoja mmoja tuingie ndani yake hatua chache, halafu aseme, "Umefika wapi?" Ulitakiwa ujibu kwa unachosikia, si kwa unachoona. Mimi nilisikia bomba la maji, Mwaura alisikia punda hata siku ambazo hakukuwa na punda. Tukirudi tunachambua maharagwe kando ya moto, mekundu huku, meusi huku, yaliyotobolewa mfukoni mwa Nduta. Na Oktoba ndiyo ilikuwa mtihani wenyewe, kahawa ikiiva. Nyekundu, ya kijani, nyeusi iliyokauka. Nyekundu ukiifinya ina utamu mdogo kwenye ganda, unanyonya, unatema mbegu, na ukitema mahali nyapara ataona, umefeli.

Na kuhesabu alitufundisha. Mbegu za kahawa tulihesabu mpaka kumi, mpaka kumi kumi, mpaka zinaisha. Sahani, madebe, maharagwe, hakuna shida. Lakini watoto, hapana. Wewe unajua. Kwetu ulikuwa huwezi kunyoosha kidole useme mmoja, wawili, watatu, kama unahesabu viazi; ni kuwaitia balaa. Na idadi ikilazimisha, ukifika tisa unasema tisa, halafu badala ya kumi unasema tisa iliyojaa, unaachia hapo. Mama yangu Njoki aliulizwa na karani ana watoto wangapi. Akaanza, "Kuna Wanjiru, kuna Kariuki," karani akamkata, "Nimeuliza wangapi." Mama akamwambia, "Kalamu ni yako. Mimi nataja, wewe hesabu."

Kwa hiyo jioni Nyokabi alituita kwa majina. Kila siku, mpangilio ni ule ule, na kila mtu aliitika, "Niko." Gathoni. Kabura. Mwaura. Muhia ndugu yake. Waithira. Nduta. Kimani. Wamaitha. Karuga. Njambi. Wanjiru. Wa mwisho nilikuwa mimi.

Siku moja ya Oktoba aliita Wanjiru na hakuna aliyeitika. Mama zetu walikuwa wamechoka, wamekaa juu ya madebe wakingoja tu ruhusa ya kwenda. Watoto wa laini nyingine walikuwa wamechanganyika nasi, tumejaa pale kama kuku. Nyapara akamwambia, "Mama, si hao hapo, wamejaa." Nyokabi akaita tena. Halafu akaenda, na ile nyonga yake, akasimama mbele ya trela iliyokuwa tayari imepakiwa magunia inaondoka kwenda kiwandani. Dereva wa trekta akamtukana. Hakutoka. Walinipata kati ya magunia, nimelala, mdomo mwekundu kwa kunyonya kahawa. Gunia la juu yangu lilikuwa halijafungwa vizuri. Mama yangu hakunipiga siku hiyo, ndiyo maana nilijua lilikuwa jambo kubwa.

Sasa ukiwa na mjukuu anayebeba jina lako, utamfundisha nini kama si ulichonacho? Ciru ni Wanjiru kama mimi. Mama yake ni binti yangu Njeri, anayefanya kazi Nairobi na kupanga chumba Githurai 45, na kwa sababu mtoto ana jina langu, Njeri humwita Mami. Mtoto aliachwa kwangu tangu alipoacha kunyonya. Kila jioni akitoka shule nakaa naye mlangoni, namwambia, "Niambie ni nani waliokuja leo." Ananitajia darasa lote, na aliyekohoa, na aliyelia. Ni mchezo wetu. Sikujua ni hatia.

Muhula uliopita tuliitwa shuleni, mimi na Njeri. Ticha Faith ni msichana mzuri, ana sauti ya upole na viatu vyeupe ambavyo sijui anavisafisha saa ngapi. Akasema, "Shosho, Ciru hahesabu. Wenzake wanafika ishirini. Yeye akifika tisa anasema tisa iliyojaa, halafu ananyamaza."

Njeri akageuka akaniangalia. Aliniangalia hivyo mara ya mwisho nilipomtia mafuta ya ng'ombe kichwani siku ya picha ya shule.

Tulipofika kwa muuza mboga akasimama. "Mama, nakushukuru kwa yote. Lakini unamrudisha nyuma. Akikosa kuhesabu mpaka muhula uishe, atarudia darasa. Nitamchukua. Kuna mahali Githurai wanawaweka tangu saa kumi na moja asubuhi mpaka saa mbili usiku, na wana kompyuta."

"Na udongo wanao?"

"Mama."

"Nimeuliza tu."

Tukakubaliana hivyo, yaani yeye alikubali na mimi nikanyamaza. Fomu ya matokeo ikija na bado hajui kuhesabu, Mami anahama. Nyumba yangu ina vyumba viwili, na mtu wa pili ndani yake ni huyo mtoto.

Ndipo shule ikapanga matembezi ya kujifunza nje. Wakaomba wazazi wachache waje kushika watoto mikono, na kwa sababu wazazi wako kazini, tukaenda sisi wazee. Basi likatupeleka kwenye shamba moja upande wa Thika, la watu kulipa kuona ng'ombe. Kulikuwa na bata, kulikuwa na farasi aliyechoka na maisha, na kulikuwa na mti mmoja wa kahawa umezungushiwa waya, una kibao chenye jina lake. Nimeijua kahawa maisha yangu yote na huo ndio mti wa kwanza kukutana nao ukiwa na kibao. Mwelekezi akawaambia watoto, "Huu ni mti wa kahawa, tusiuguse." Rafiki ya Ciru, Nekesa, mtoto wa jirani yangu aliyetoka Bungoma, akauliza kama unauma.

Shule zilikuwa nyingi siku hiyo, na wote, sijui walinunua duka moja, walikuwa na vizibao vya njano vile vya watu wa barabarani, na kofia za njano. Ukisimama mbali ni shamba la vifaranga.

Saa ya kurudi, Ticha Faith akawapanga kwenye mlango wa basi, akawagusa vichwa mmoja mmoja. Ishirini na nne. Akaingia ndani, akahesabu tena. Ishirini na nne. Dereva akawasha gari. Ciru alikuwa amekaa kando yangu, na kwa sababu ilikuwa jioni, akaanza mchezo wetu, anaita kwa sauti ndogo. Brayan. Hope. Wambui. Kila mmoja aliyemsikia akaitika, wanaujua kutoka kwake. Akafika kwa Nekesa. Kimya. Akaita tena. Akasimama juu ya kiti.

"Ticha, Nekesa hajaitika."

"Keti, Ciru. Mko ishirini na nne, mmejaa."

"Nekesa hajaitika."

"Ciru, nimehesabu mara mbili. Shosho, tafadhali mwambie akae."

Nilipaswa kumwambia. Mtoto anapimwa tabia pia, na mimi nilikuwa nimeshikiliwa kwa uzi. Lakini lile neno "mmejaa" lilinirudisha mbele ya trela. Nikasimama nikamwambia dereva azime gari.

"Shosho, tumechelewa, na mwalimu amesema wamejaa."

"Zima, kijana. Utaniwekelea makosa baadaye."

Nikatembea katikati ya viti nikiangalia nyuso, si vichwa. Kwenye kiti cha nne kulikuwa na msichana mdogo ametulia sana, anakula biskuti ya shule yetu.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa Mama Stacy."

"Na wewe ni nani?"

"Stacy," akasema, akashangaa kwamba sijui.

Tukamfungua kizibao, na sweta ya ndani ikawa si yetu. Ticha Faith akashuka mbio na vile viatu vyeupe kwenye matope, nami nyuma yake. Nekesa alikuwa kwenye basi la pili kutoka letu, linaelekea Murang'a, geti limeshafunguliwa. Amekaa dirishani, ana raha, alifuata bata akarudi kwenye mstari wa kwanza wa njano aliouona. Mwalimu wao hata hakutaka kuamini. Alinionyesha karatasi. Thelathini na moja walikuja, thelathini na moja wamo. Hesabu yake ilikuwa safi. Ya kwetu pia ilikuwa safi.

Ticha Faith alilia njia yote mpaka Ruiru, nikamshika mkono, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyoitiwa.

Fomu ikaja kwenye simu ya Njeri mwisho wa muhula. Ilikuwa imejazwa kabla ya matembezi, isipokuwa mstari wa tabia. Kuhesabu mpaka ishirini: bado. Tabia: anaongea kabla ya kupewa ruhusa. Jumamosi Njeri akaja na begi jipya la waridi lenye magurudumu. Hakuwa na ubaya, alikuwa amekonda kwa kuwaza. Mama Nekesa alikuwa amesikia, akaingia na chapati zimefunikwa, akaziweka mezani, akamwambia Njeri jambo moja tu, "Mimi jioni ile ningekuwa natafuta mtoto Murang'a," akatoka.

Njeri akakaa. Baadaye akamwita mtoto. "Mami, njoo unihesabie sahani hizi."

Ciru akazipanga mezani, akahesabu. Saba, nane, tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Sahani zikaisha, akaendelea na vikombe.

"Si unajua kumi," Njeri akasema.

"Najua."

"Mbona hukumwambia mwalimu?"

"Ticha hakuniambia nihesabu sahani. Aliniambia nihesabu watoto."

Njeri aliniangalia tena, lakini si kama ile siku ya mafuta. Alikula chapati mbili. Jioni alipoondoka, begi la waridi lilikuwa na sukuma wiki na maparachichi tu, na magurudumu yalikuwa yanalia njia nzima mpaka barabarani. Muhula ujao Ciru atarudia darasa, hapa Mwihoko. Sina neno. Kuna wengine walipita kila darasa na hawakuwahi kugundua jirani wao aliyepotea.

Lakini siku zinaharakisha. Enzi zile mtu mmoja mwenye nyonga mbovu aliwajua watoto wa laini nzima, na leo ploti yetu ina milango yenye namba na kamera ukutani, na mtoto wa mlango wa tisa simjui jina kwa sababu mama yake humwita ndani nikitokea. Wale tuliolelewa pamoja kwenye kahawa wameondoka, mmoja mmoja, na makaburi ya wengine yako chini ya nyumba zile zenye jina la kahawa.

Jioni nikishamaliza darasa la Ciru, wakati mwingine naita la kwangu. Gathoni. Kabura. Mwaura. Muhia. Waithira. Nduta. Kimani. Wamaitha. Karuga. Njambi. Nilikuwa naita polepole, nikifikiri niko peke yangu. Juzi nikasikia kwenye kila jina mtu anaitika, "Niko," na kumbe ni Ciru, amekaa nyuma ya mlango na maharagwe, ameyashika majina yote. Nilipomaliza kwa Njambi akatoka nyuma ya mlango, akanitazama.

"Wanjiru," akaniita.

Nikaitika. Ukitaka kujua tulikuwa wangapi, kalamu ni yako.