Nyimbo Zilizoharibika Kati ya Mashine Mbili

Mama Domitille alitoka Mpala kuja Kalemie akiwa bibi arusi, na tangu hapo kazi yake ni kupiga mashine. Alianza na ile ya chuma, yenye kuvimbisha vidole. Siku hizi ana kompyuta kuukuu katika chumba kidogo karibu na soko. Barua za kuomba kazi, matangazo ya misiba, vyote hupita mikononi mwake, na sifa yake ni moja: hakosei.

Kabla ya sikukuu ya parokia, akaja Papa Jean-Baptiste, mkubwa wa kwaya, na kle yake ndogo ya kuhifadhia kazi za kompyuta mfukoni. Ndani mlikuwa na nyimbo zote alizotunga, nyingine kwa Kiswahili, nyingine kwa Kifaransa, alizoziandika kwenye kompyuta ya parokia. Alitaka zichapwe ziwe vitabu.

Mama Domitille akafungua. Loo! Nyimbo zote zilikuwa zimeshikana mustari mumoja, hazina beti wala mwisho, na kila penye é pamesimama vidudu viwili visivyosomeka.

"Papa, uliandika namna gani hii?"

"Mbona kwangu iko muzuri!"

Mama Domitille akainama, akakata mustari mmoja mmoja, akafuta vidudu, akarudisha herufi. Umeme ukakatika, ukarudi, akaendelea. Mgongo ulimuuma hata akashindwa kupika ugali. Jean-Baptiste akaichukua kle ili padri asome kwanza ndipo vitabu vichapwe.

Akarudi amenuna. "Mama, umeniharibia nyimbo. Kule parokia kila é imekuwa alama ya kuuliza. Nimerekebisha mwenyewe, macho yameniuma."

Domitille akafungua tena. Vidudu vilevile! Mustari uleule, mrefu kama njia ya Manono! Akapiga meza kwa kiganja.

"Nilitengeneza! Kwa mikono yangu hii!"

"Basi mashine yako njo mubaya."

"Na yako njo malaika?"

Hata hivyo alirekebisha tena, akinung'unika, na mambo yakawa yaleyale: akitengeneza huku, kunaharibika kule, Jean-Baptiste akitengeneza kule, kunaharibika huku. Kisha, Domitille akinunua ndakala sokoni, Mamie wa kwaya akamwambia bila kuficha, "Dada, Papa Jean-Baptiste anasema umezeeka, kazi imekushinda."

Maneno hayo yalimchoma. Alirudi na samaki wake, akaketi mbele ya kompyuta bila kuiwasha. Chuma kile cha zamani kilivimbisha vidole, lakini ukipiga é, é inabaki é mpaka kiama!

Akampigia simu Rosine, waliyejifunza naye kazi, ambaye sasa anafanya kazi katika biro moja ya kuchapa kule Manono. Kabla hajamaliza kulalamika, Rosine akaangua kicheko.

"Usicheke, Rosine, nitakata simu!"

"Nacheka sababu nami nililia hivyohivyo. Dada, hakuna aliyeharibu. Kompyuta ya parokia ni ya aina nyingine, haiandiki é kama yako, wala haimalizi mustari kama yako. Kila moja inasoma ya mwenzake kwa desturi yake. Acha ile programu ndogo unayofungulia. Fungulia kwenye ile kubwa ya kuandikia barua. Itakuuliza herufi ni za aina gani. Chagua UTF-8, ndiyo ya parokia. Ukihifadhi kazi, itakuuliza tena. Chagua ileile, na mwisho wa mistari wa namna yao."

Domitille akamwita Jean-Baptiste aje na kle, aone kwa macho yake. Wakafungua pamoja. Dirisha dogo likatokea, likauliza, na alipochagua, beti zikajipanga, kila é mahali pake.

Jean-Baptiste akavua kofia. "Kumbe!"

"Kumbe nini? Sijui nimsukume nani ziwani: wewe, mimi, ao waliotengeneza hizi mashine! Dirisha hili lilikuwepo siku zote!"

"Nilikusema vibaya kwa watu, Mama."

"Najua. Nenda ukaniseme vizuri kwa watu walewale."

Padri akasoma kule parokia, safari hii bila alama hata moja ya kuuliza, na vitabu vikachapwa. Kwenye mazoezi Jean-Baptiste alisimama mbele ya kwaya nzima, akaeleza kwamba kosa halikuwa la Mama Domitille. Akaeleza kwa urefu mno, kana kwamba yeye njo aliyeligundua. Domitille, aliyeketi kati ya waimbaji wenzake wa sauti ya kwanza, akakaza midomo.

"Papa," akasema, "tuimbe."

Wakaimba.