Mume wangu ni Butoyi, na Bukuru wake nimemwona

Admin, langu jina lifiche. La mume wangu nalitaja, maana hapa Kigoma wenye jina hilo wamejaa kila mtaa.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na minne, elimu yangu kidato cha nne. Nimeolewa mwaka huu kwetu Tabora na bado watu wananiita bi harusi. Jamani, nimependwa! Mume wangu Butoyi ananiita "asali wa moyo" mbele za watu bila haya. Asubuhi hanipi chai ya moto hata siku moja. Anaimimina kikombe hiki kwenda kile, juu chini, juu chini, mpaka ipoe, anaonja, ndipo ananipa. "Ulimi wa mke wangu usiungue." Nikicheka sana ananiziba mdomo kwa kiganja, taratibu, eti nisiimalize furaha yote leo. Nilikuwa naamka namtazama amelala, namuuliza Mungu nilifanya jema gani.

Kazi yake ya serikali ikamhamishia Kigoma, kwao alikozaliwa. Tukapanga nyumba mtaa wa Gungu. Siku za mwanzo tu, jirani yetu Mama Kiza akanikuta bombani, akanisalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, bi harusi! Mumeo nani jina lake?"

"Butoyi."

"Ehee! Na Bukuru tumemwacha wapi?"

"Bukuru ndiyo nani?"

Alicheka mpaka akatua ndoo. "Ninyi wa Tabora mnaolewa na jina hamlijui! Kwetu pacha wa kwanza ni Bukuru, wa pili ni Butoyi, anayewafuata ni Kiza, kama huyu wangu. Hakuna Butoyi asiye na Bukuru. Umeolewa na nusu, mwanangu!"

Nilirudi nyumbani nacheka. Wakati wa chakula nikamtania mume wangu, "Nusu yako nyingine umeificha wapi?" Tonge likabaki mkononi mwake. Akasema ni jina la ukoo tu. Ndugu zangu, mume wangu hajui kudanganya. Masikio yalimwiva.

Nikaenda Ujiji kumsalimia mama mkwe. Nilipotaja Bukuru tu, akajifuta macho kwa upande wa kitenge. Akaniambia maziwa yake hayakutosha watoto wawili. Mdogo, ndiye mume wangu, alichukuliwa na baba yake mdogo, mwalimu wa Tabora, kabla hajajua kutambaa. Nyumba ile ya mwalimu naijua. Sijawahi kusikia mtu akifokewa mle. Bukuru akabaki na baba yao, mlevi, na mama mkwe alikuwa akipigwa mbele ya mtoto. "Mmoja nilimwokoa bila kujua," akasema. "Mwingine nilimlea mwenyewe." Kisha akaniomba nisiende Bangwe, anakoishi Bukuru.

Nikaenda. Mama Kiza alinisindikiza, yeye bodaboda yake na mimi yangu, akanionyesha nyumba na kugeuza.

Nisiwafiche, nilipomwona Bukuru kibarazani nilitaka kumkimbilia nimkumbatie. Shavu lile. Sauti ile. "Karibu, shemeji, kumbe Butoyi kapata mke mzuri hivi!" Akaleta chupa ya chai na vikombe viwili. Akaanza kumimina kikombe hiki kwenda kile, juu chini, juu chini. Akaonja. Akanipa. Hawa watu hawakulelewa pamoja hata mwaka mmoja!

Alipotoka kwenda dukani kufuata mkate, mke wake akapandisha mkono wa gauni. Mfupa wa mkono umeunga vibaya, umepinda.

"Wako naye anapoza chai?"

"Ndiyo, dada."

"Anaziba kicheko?"

Nikakiweka kikombe chini.

"Wangu alianza hivyo hivyo, mdogo wangu. Nilikuwa najiona malkia. Kiganja kilichokuwa kinaziba kicheko, siku moja kikaziba kilio."

Mwalimu wetu wa Biolojia alitufundisha kwamba wataalamu huwatafuta mapacha wa yai moja waliolelewa mbalimbali, wapate kujua kipi kinatoka kwenye damu na kipi kwenye malezi. Kwenye mtihani swali hilo nilipata vema. Sikujua kuna siku nitaolewa nalo. Na sasa nakumbuka mwanzo wa somo tu. Alimalizia kwa kusema damu si hukumu, au niliota?

Jioni ile mume wangu aliinua mkono kuniondolea uzi kwenye nywele. Nikainama na kujikinga uso. Sikupanga, mwili ulifanya wenyewe. Akabaki na mkono hewani.

"Umekwenda Bangwe," akasema.

"Kwa nini ulinificha?"

"Niliogopa utaniangalia hivi unavyoniangalia sasa. Hata mimi najiogopa. Nikikasirika kazini natoka, nasimama mbele ya kioo, natafuta kama huyu ni mimi au ni yeye." Hajawahi kuninyanyulia sauti, na hata wakati ule hakuinyanyua. "Ukitaka kurudi kwenu, nitakupeleka stesheni mwenyewe."

Ndugu zangu mnaosoma, walimu, wauguzi, mlioolewa na pacha, wazazi ambao watoto wenu wa damu moja wamekulia nyumba mbili: nimwamini mwalimu aliyemlea, au niiogope damu aliyozaliwa nayo? Nimekuja kumpenda mtu, nimekuta ninamchunguza. Nishaurini, maana kwetu nikisema wataniambia nirudi, na moyo haujataka kurudi.

Leo asubuhi amenimiminia chai mara moja tu, akaiweka mezani, akaenda kazini. Ameacha kuipoza ili asifanane na Bukuru. Nimeinywa hivyo hivyo na moto wake, ulimi umeungua, na ninalia ninapoandika haya.