Sahani Zilizoondoka na Treni

Kila ninapovuka mto Ruzizi kuingia Congo, kwenda soko la Kamanyola, nasimama kidogo mahali ambapo wazee wanasema zamani reli ilipita. Hakuna cha kuona pale. Ni tuta refu la udongo lililoota majani, mbuzi wamefungwa juu yake, na kwingine watu wamepanda mihogo. Vyuma viling'olewa kabla sijazaliwa. Lakini mimi nasimama na kikapu changu, naangalia upande wa Uvira kama mtu anayengoja mgeni. Juzi mama mmoja anayeuza nyanya pale aliniuliza, "Maman, ulipoteza nini hapa?" Nikamwambia nangoja treni. Alicheka mpaka akalazimika kukaa.

Nilicheka naye, maana ni kichekesho kweli. Mimi ni mpenzi wa treni katika nchi isiyo na hata msumari mmoja wa reli. Wanasema itafika Kigali siku moja, nami namwomba Mungu anipe uhai niione, ingawa sijui itapanda vipi milima hii mpaka wilayani kwetu Rusizi. Watoto wangu wananikuta jioni nimeinamia simu, natazama treni za watu zikipita kwenye nchi ambazo sitafika, na wananitania kwamba siku moja nitapanda kioo cha simu. Lakini siko peke yangu. Huku tuko wengi tuliolelewa Congo, na wachache kati yetu tulikulia kando ya njia ya reli. Jumapili baada ya misa hatukosi kubishana. Yuko fundi wa umeme aliyekulia Kindu anayeshikilia kwamba honi ya treni yao ilikuwa tamu kuliko yetu. Mtu mwema, lakini kwa hilo simkubalii.

Yetu ilikuwa ile inayotoka Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, kwenda Kabalo na kuendelea. Tulikaa kwenye kituo kidogo katikati ya safari hiyo. Baba alikuwa kibarua wa njia: alikata majani, akakaza vyuma, akabadilisha mataruma ya mbao yaliyooza. Wazazi wake walikuwa watu wa Mururu, na waliondoka Rwanda miaka ile wengi walipoondoka, kwa sababu ambazo huku hakuna asiyezijua. Babu alifia njiani. Bibi yangu, ambaye sote tulimwita Koko, alifika kule akiwa na mwanawe, nguo za mwilini, na furushi la kitenge ambalo hakumpa mtu yeyote amsaidie kubeba.

Ndani ya furushi hilo kulikuwa na sahani sita. Zilikuwa za bati, nyeupe, zenye ukingo wa buluu, alizopewa siku ya ndoa yake. Hatukula ndani yake. Sisi tulikula katika sahani za kawaida zilizobonyea, na zile nyeupe zilikaa juu ya kabati zimefunikwa kitambaa. Kila Jumamosi Koko alizishusha, akazisugua kwa majivu, akazirudisha. Alikuwa akisema, "Siku tutarudi Mururu, nitapakulia bajirani mu hizi sahani." Watoto wengine waliahidiwa baiskeli. Sisi tuliahidiwa kula ndani ya sahani.

Nikwambie jinsi treni ilivyokuwa ikifika, rafiki yangu, maana watu wa basi hawajui raha hiyo. Haikuwa na siku wala saa. Simu ya stesheni ililia, shefu wa stesheni akatoka nje akiwa amevaa kofia, na kofia hiyo peke yake ilitosha. Hapo mji mzima uliwasha moto. Sisi watoto tulikimbia kulaza sikio kwenye reli, tukisikiliza chuma kikinong'ona toka mbali. Nyuma yetu harufu ya mawese ya moto na ndagala, dagaa wa ziwani, za kukaanga ilijaa hewani, ikachanganyika na ile harufu ya lami iliyotoka kwenye mataruma wakati wa jua. Kisha honi, mara mbili kwenye kona ya mto, na mama wote walitoka mbio na mabeseni kichwani: karanga, bitumbula vya kukaanga kama maandazi, mihogo ya kuchoma, sombe ya majani ya mihogo. Walipanga mstari chini ya madirisha na kupitisha chakula juu kikiwa kimefungwa katika majani mapana. Treni ilikaa kadiri ilivyotaka. Siku nyingine ilikaa mpaka watu wakafua nguo, siku nyingine iliondoka kabla mtu hajapewa chenji.

Koko aliwatazama wenzake muda mrefu kabla ya kujiunga nao, na kitu kimoja kilimkera. "Mugeni hawezi kulia mu majani," alisema. "Mbuzi njo inakulaka majani." Kwa hiyo siku alipoamua kupika kwa ajili ya treni, alipika kama anavyojua kupika kwa ajili ya mgeni: ndizi na maharage, mawese, kitunguu, na muda. Halafu akashusha sahani nyeupe kutoka kabatini. Mama yangu akamshikia mlango apite. Hakuna aliyezoea kumwambia Koko kitu.

Mimi nilibeba ndoo ya maji ya kunawa, maana abiria wake walinawa kwanza. Alipitisha sahani zote sita, kila moja kwenye dirisha lake, kwa mikono miwili. Baada ya hapo alifanya jambo ambalo mtu wa kule asingelifanya, na mtu wa kwao asingeliacha. Kwao ilikuwa aibu kumkodolea macho mgeni anapokula. Basi alikunja mikono, akageuka, akaipa treni mgongo, akakaa anatazama mashamba ya mihogo ili watu wale kwa amani.

Treni ikaondoka.

Nilivuta kitenge chake. Akanipiga kofi dogo la mkono, akaniambia niache utovu wa adabu, wageni bado wanakula. Alipogeuka, behewa la mwisho lilikuwa likipita, na dirishani alionekana mzee mmoja ameinua sahani nyeupe juu, anaipunga, hajui aitupe au aishike.

Mama wa mabeseni walicheka, na siwalaumu, hata mimi ningecheka kama isingekuwa Koko. "Sahani zako zimeenda kutembea Lubumbashi!" Baba alipotoka kazini hakucheka. Alikaa karibu na mama yake akasema polepole, "Maman, treni haina heshima. Haingojake muntu." Koko akamjibu, "Treni haina. Lakini bantu bako ndani."

Mbele ya watu alisema hivyo, kwamba ndani mna watu. Usiku, sisi tuliolala chumba kimoja naye tulimsikia anajiuliza, "Sasa tutarudi na nini?" Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sahani hazikuwa sahani. Kwake, zile sita ndizo zilizokuwa zimeshikilia ahadi ya Mururu. Bila hizo, angekuwa mtu wa kule kama wengine, amefika na atazikwa. Jumamosi hakuligusa tena kabati. Aliacha kupika kwa ajili ya treni. Honi ilipolia alikuwa ndani, amelala, akielekeza uso ukutani, na mama akaanza kuogopa.

Kiangazi kilikuwa kimeiva treni ya kurudi iliposimama. Mimi nilikuwa nauza karanga. Kontrolere, yule wa tiketi, aliruka kabla magurudumu hayajatulia, akauliza kwa sauti, "Maman wa sahani iko wapi?" Kila mtu alinyoosha kidole upande wa nyumba yetu. Nilitangulia mbio, na yeye akanifuata na kitu kimefungwa katika gazeti.

Ilikuwa sahani moja, safi, na ndani yake chumvi. "Ni maman moya wa Kabalo," alisema. "Anakushukuru. Anasema hawezi kurudisha sahani ya muntu butupu." Koko aliipokea kwa mikono miwili. Aliingia ndani, akatoka amevaa kitenge cha kanisani, akamwambia yule kontrolere akae, ale.

Zilirudi moja moja. Ya pili ilikuja na vitunguu. Nyingine ilikuja na sukari iliyopungua njiani, na hatukuuliza. Moja ililetwa na mwanajeshi aliyepewa na mtawa aliyepewa na abiria ambaye hakuna aliyejua jina lake, na ndani yake mlikuwa na sabuni na sindano iliyochomekwa kwenye kipande cha kitambaa. Shefu wa stesheni, mtu aliyejiona sana, sasa alipopigiwa simu na kituo cha jirani alitoka na kofia yake akatangaza treni, na kisha, kwa sauti ile ile ya serikali, "Na sahani ya Koko iko njiani." Watu walipiga makofi. Koko akarudi kupika, na ukidhani alijifunza kutumia majani, hukumjua Koko. Aliendelea kutoa sahani na kugeuza mgongo. Zilizoondoka zilirudi. Kwa miaka yote ile niliyokaa kule chumvi haikukatika nyumbani kwetu, wala sindano.

Ile ya sita tu ndiyo haikurudi. Nadhani ilikuwa ya yule mzee aliyeipunga. Koko hakumsema vibaya kamwe. "Labda bado anakula," alikuwa akisema.

Halafu ukafika mwaka wetu wa kurudi. Nilikuwa msichana mkubwa. Tulipanda treni kwenda Kalemie, tukachukue meli mpaka Uvira, tuje Kamanyola, tuvuke. Koko, aliyelisha mabehewa yale miaka yote, hakuwahi kukaa ndani yake hata siku moja. Tulimweka dirishani, furushi la sahani tano mapajani. Alikuwa anashangaa jinsi watu walivyo wadogo ukiwaona toka juu.

Mama wa mabeseni walikuja wote. Hakuna aliyepiga kelele za kuuza siku ile. Yule aliyekuwa wa kwanza kucheka, jirani yetu wa mlango wa pili, alinyoosha mikono miwili kupitisha kitu dirishani. Haikuwa kwenye jani. Ilikuwa bugali na sombe katika sahani yake mwenyewe, yenye maua mekundu na ukingo uliochubuka. Koko akaipokea. Na yule jirani akakunja mikono, akageuka, akaipa treni mgongo. Aliyefuata naye akageuka. Mstari mzima ukageuka, kanga na vitenge, vichwa vimeinama, wanatazama mashamba ya mihogo.

"Koko, kula," nilimwambia. Hakuweza. Treni ilivuta, migongo ile ikaanza kurudi nyuma, na hakuna aliyegeuka kutazama, kwa sababu mgeni alikuwa anakula. Nililia mpaka kona ya mto.

Koko alifika Mururu. Jumapili ya kwanza aliwapakulia majirani ndizi na maharage katika sahani tano nyeupe, kama alivyoahidi, na mimi nilikula katika moja yao nikiwa si mtoto tena, nikaona utamu wake ni ule ule wa sahani nyingine, na bado nikafurahi kama mtoto. Ile yenye maua hakuitumia. Aliiweka juu ya kabati peke yake. Kabla hajafa aliniambia, "Ile si yetu. Itarudi."

Miaka imepita mingi kuliko nilivyotaka. Vita vilikuja kule, barabara zikafungwa, watu wakatawanyika. Waliotoka kule karibuni wananiambia treni sasa inapita kwa nadra, na kwenye kituo chetu haisimami. Majani yamemeza mataruma ya baba. Hakuna simu inayolia, hakuna kofia. Nikisimama kwenye lile tuta la Kamanyola huwa nafikiri kwamba reli ikishakufa hufa vile vile kila mahali: mbuzi, mihogo, na mtu mmoja mjinga anayesikiliza. Lakini siwezi kuhuzunika muda mrefu. Nimelishwa na njia ile. Nimesoma kwa karanga zake. Watu nisiowajua majina walibeba sahani ya bibi yangu mapajani katika joto lile, wakaiosha, wakaitilia chumvi, ili yeye asikate tamaa ya kurudi nyumbani. Nitalipa nini?

Mimi leo nina malewa, kimkahawa kidogo, hapa Muganza, kando ya barabara ya malori ya simenti. Madereva wanakula kwangu. Wiki iliyopita mmoja, kijana mwenye adabu anayepeleka mizigo Uvira, alinitajia kwamba shemeji yake anafanya kazi kwenye meli za Kalemie. Nilimwangalia mpaka akaona haya. Kisha nikaenda kushusha sahani ya maua mekundu. Niliijaza mchele wa Bugarama mpaka juu, nikaifunga kitenge, nikamkabidhi, nikamtajia kituo, nikamtajia jirani wa mlango wa pili, na kama hayupo, watoto wake, na kama hawapo, yeyote aliyewahi kusimama kwenye mstari ule.

Kitinda mimba wangu alikuwa anasikiliza. "Maman, na treni haiko. Itafika namna gani?"

"Treni haiko," nilimwambia. "Lakini bantu bako."

Dereva alikuwa amewasha lori tayari, na hakuwa amekula. Nilimpakulia ndizi na maharage katika mojawapo ya zile nyeupe zenye ukingo wa buluu, nikamnyooshea juu dirishani kwa mikono miwili. Alitaka kuuliza kuhusu sahani. Sikumsubiri aulize. Nilikunja mikono yangu, nikageuka, nikampa mgongo ili ale.