Chaji Moja Kutoka Kilosa, na Baba Mkwe Nyuma

Baba mkwe wangu alinishika kiuno katikati ya barabara, mchana kweupe, tembo wanne wakiwa mbele yetu.

Kama umeolewa kwa Wasukuma, hapo ushajua nimetamka jambo zito. Kama hujaolewa huko, tulia nikueleze.

Kwao, kwa familia niliyoingia mimi, mke wa mtoto na baba mkwe hawagusani. Hata mkono wa salamu hakuna. Napiga goti kwa mbali, "Shikamoo baba," naye anajibu "Marahaba" huku kaangalia pembeni, utadhani anausalimia mpapai.

Chakula naweka kwenye kigoda, naondoka, ndiyo anakuja kula. Akitaka kupita uani anakohoa kwanza, nijisogeze.

Mimi ni mtoto wa Kimamba. Babu yangu alikuja kukata mkonge akabaki hapohapo. Kwetu mambo hayo hatuna, lakini nilizoea. Mzee Shilinde hakuwahi kunivunjia heshima, na mimi ya kwake sikuivunja.

Sasa, watu wananisimamisha sana barabarani. "Dada Marciana, hiyo pikipiki ya umeme inakwenda kilomita ngapi kwa chaji moja?"

Huwa nawajibu kwamba inategemea umebeba nini. Wanadhani nakwepa swali.

Leo nalijibu lote.

Pikipiki ile alininunulia mume wangu, Seni, nifanyie biashara ya nyanya kati ya Kilosa na Kimamba. Aliyetuuzia alituapia kwamba chaji moja ni kilomita mia, bila wasiwasi.

Mimi niliishia la saba, hesabu za betri sizijui. Ila naangalia. Nikienda mtupu, vile vistari vya chaji kwenye dashibodi vinashuka taratibu. Nikipakia matenga mawili ya nyanya, vinaporomoka. Ile pikipiki inachoka kama punda tu, tofauti yake ni kwamba yenyewe hailalamiki. Inakata ghafla.

Mwezi wa kumi na mbili Seni alikuwa Kidodi, kwenye miwa. Tela la miwa likamkanyaga mguu.

Mdogo wake, Luhaga, aliyekuwa naye huko, akampeleka hospitali Mikumi. Mimi nikaambiwa kwa simu kwamba ni jeraha dogo, nisihangaike, mvua zimeharibu barabara. Kila nikiomba kuongea na Seni naambiwa amelala.

Siku ya nne asubuhi Luhaga akapiga. Sauti yake haikuwa ile ya siku zote.

Akasema mguu umeanza kuoza, sumu inapanda, madaktari wanataka kukata leo hii. Seni hajakubali. Anamsubiri mzee. Bila neno la mzee hakatwi mtu, na neno kama hilo halitolewi kwa simu.

Nikakaa chini kwenye matofali.

Maana nilijua kitu kimoja. Mume wangu asipokatwa, atakufa. Na sikujua mzee akifika atasema nini. Kuna ndugu yao mmoja alivunjika mguu miaka ya nyuma, mzee ndiye aliyemtoa hospitali akampeleka kwa mganga wa mifupa. Alipona, lakini ule ulikuwa mvunjiko. Huu ulikuwa uozo.

Mzee alikuwa anakaa nasi hapohapo Magomeni ya Kilosa, kwenye chumba cha uani. Tukakutana uwanjani, yeye mlangoni kwake, mimi mlangoni kwangu, na wifi yangu Kulwa katikati kama refa.

Nikamwambia Kulwa, "Wifi, mwambie baba hii pikipiki haijawahi kubeba watu wawili mpaka Mikumi. Yeye achukue bodaboda ya mafuta, mimi nitakuja nyuma yake."

Mzee kasikia kila neno. Lakini akasubiri Kulwa arudie yote mpaka mwisho.

"Mwambie mkwe," akasema, "bodaboda waliniangusha Kimamba, mpaka leo bega linalia mvua ikitaka kunyesha. Nitapanda ya nyumbani. Yeye anaendesha polepole, namwonaga."



Akaingia ndani, akatoka na kiroba cha mchele cha kilo ishirini na tano. Akakisimamisha katikati ya siti, akakifunga na mpira vizuri. Cha kumpelekea mgonjwa, akamwambia Kulwa, na hapohapo kitatutenganisha njiani.

Majirani wote wakaona ni jambo la busara. Hata Kulwa alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Mimi nikaangalia kile kiroba, nikaangalia vile vistari vitano vya chaji. Mkwe anamwambiaje baba mkwe aondoe kinachomtenganisha naye? Maneno hayo hayana mdomo wa kuyasema.

Tukaondoka.

Kutoka Kilosa mpaka Mikumi ni kilomita sabini na kitu. Magari yalikuwa hayapiti. Mbele ya Masanze mvua ilikuwa imebeba kalavati, malori yamepanga foleni, madereva wamelala chini ya matela. Pikipiki tu ndizo zilikuwa zinasukumwa kwenye maji kuvuka.

Na huku njiani Kulwa hayupo. Nani atatupelekea maneno?

Mzee akapata njia. Akaanza kuongea na pikipiki.

"Pikipiki," nikasikia nyuma ya kiroba, "mwambie aliyekushika kuna shimo kushoto."

Nikajibu, "Pikipiki, mwambie baba nimeliona."

"Mwambie apunguze mwendo kidogo."

"Mwambie baba huu ndio mwendo wenyewe."

Ungetuona ungesema tumechanganyikiwa. Lakini nisiwafiche, kwenye lile tope, na hofu niliyokuwa nayo, ile sauti ilinisaidia.

Shida ilikuwa vistari. Tulipopita Zombo viwili vilishapotea. Tope linavuta tairi, mzee anavuta, mchele unavuta. Tunaingia kijiji cha Ulaya vimebaki viwili.

Ulaya nikasimama kwa fundi wa kuchomelea, Onesphory, nikamwomba umeme hata wa nusu saa.

Umeme ulikuwa umekatika tangu usiku wa jana. Vijana waliokuwa wamekaa pale wakaanza kunitania.

"Dada, hiyo siyo pikipiki. Hiyo ni simu yenye matairi."

"Ipigie basi, labda itapokea."

Sikuwa na moyo wa kucheka. Simu yangu ikaita. Luhaga anauliza tuko wapi, daktari amepita tena, amesema mguu umevimba mpaka karibu na goti. Niliweka sauti kubwa makusudi ili mzee asikie bila mimi kumwambia.

Akasikia.  Kisha akafungua ule mpira mwenyewe, akabeba kiroba, akampa Onesphory amtunzie.

Alipopanda alirudi nyuma kabisa, mpaka kwenye keria, akashika chuma kwa mikono miwili. Kati yetu ukabaki upepo tu.

Pikipiki ikawa nyepesi kidogo. Nikaanza kuwa na tumaini.

Mbele huko msitu unakaribia barabara, na wanyama wa mbugani hawajui mpaka. Nimekunja kona, hao hapo. Tembo wanne, mmoja mdogo. Mama mtu akageuka, akatandaza masikio.

Pikipiki ya umeme haina kelele, kwa hiyo hawakutusikia tukija. Tuliwatokea kama wezi.

Niligeuza palepale kwenye tope. Tairi la nyuma likateleza, tukaenda upande, na hapo ndipo mzee aliponishika. Mikono yote miwili, kiunoni, kwa nguvu kama mtoto.

Nikafungua mafuta yote. Nasema mafuta, lakini ni umeme, mnanielewa. Tukarudi tulikotoka mpaka pale nilipoona hawatufuati.

Nikasimama. Mzee akaniachia haraka kama kashika kaa la moto. Tukabaki tunahema.

"Pikipiki," akasema, "hayo hukuyaona."

Nikasema, "Pikipiki haina macho, baba."

Kwa mara ya kwanza nilimjibu yeye na siyo pikipiki. Akajifanya hakusikia. Mimi pia nikajifanya sikujua nilichofanya.

Tukangoja mpaka tembo wakavuka. Lakini ile mbio ya kurudi nyuma ilikuwa imekula kilichobaki. Tumepanda kilima kimoja tu, kistari cha mwisho kikawaka, kikazima, pikipiki ikakata.

Kimya.

Nilijaribu kuiwasha mpaka kidole kikauma. Mikumi ilikuwa bado mbali, na Seni amelaza mguu unaooza juu ya kitanda anamsubiri huyu mzee aliyesimama na mimi porini.

Mungu si Athumani, ikatokea bodaboda kutoka Ulaya. Kijana anaitwa Donati, amefunga tenga la kuku nyuma. Nafasi ni ya mtu mmoja, tena wa kujibana.

Hapakuwa na la kujadili. Mzee ndiye anayesubiriwa.

Alipokuwa anapanda akasita. Akageuka, akanitazama usoni. Muda wote nilioolewa pale, sikuwahi kuyaona macho yake.

"Mayu," akaniambia. Kwa Kisukuma ni mama. "Tembo wakirudi, itupe hiyo pikipiki, ukimbie. Mimi nikifika nitasema wakate. Mguu siyo mtu."

Nikapiga goti kwenye tope. Machozi yalinitoka. Kumbe njia nzima nilimhofia mtu ambaye moyoni mwake alishakata shauri.

Wakaondoka, kuku wanapiga kelele.

Nikasukuma. Nilisukuma nikiwa na amani, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kila nikipumzika najiambia, sasa mzee amefika. Sasa amesema. Sasa wamemwingiza chumba cha upasuaji. Hata tembo niliwasahau.

Simu nayo ilikuwa haishiki mtandao. Niliona sawa tu, si kazi imekwisha?

Karibu na Mikumi kulikuwa na kalavati jingine limekatika. Vibarua wakanisaidia kuivusha pikipiki, na upande wa pili gari ya mchanga ikatupakia, mimi na pikipiki yangu. Nafika hospitali jua linaelekea kuzama, matope mpaka kwenye nywele.

Luhaga na mzee walikuwa wamekaa nje kwenye benchi. Mzee kainamisha kichwa.

Nikajua Seni amekufa.

"Hajafa," Luhaga akasema. "Hataki. Mzee kamwambia wakate, yeye kageukia ukutani. Daktari amemsihi, mzee amemsihi. Hajibu."

Sikuelewa. Si alikuwa anamsubiri mzee?

Nikaingia wodini. Harufu ya mguu ule sitaielezea hapa. Seni alikuwa amegeukia ukutani kama walivyosema. Nikamwita. Akageuka taratibu, macho yameingia ndani.

"Umefika," akasema.

"Nimefika. Baba amekwambia ukatwe. Kwa nini unakataa?"

Akaangalia mlangoni kwanza kama baba yake yupo. Hakuwepo.

"Nilikuwa nakusubiri wewe."



Akaniambia kwa sauti ndogo. Asubuhi ile daktari alipomuuliza kama anakubali, alinyamaza kwa sababu alikuwa ananifikiria mimi. Kabla hajafungua mdomo, Luhaga akamjibia kwamba jambo kama hili tunamsubiri mzee. Simu alikuwa nayo Luhaga. Kila akiitaka aongee na mimi anaambiwa tulia, mzee anakuja. Na mbele ya mzee, mtoto wa Kisukuma anaanzaje kusema baba, wewe sikukuhitaji, namtaka mke wangu?

Hakuna aliyemuuliza anamsubiri nani. Hata mimi sikuuliza.

"Marciana," akasema, "wakikata, utabaki?"

Hilo tu. Hilo ndilo lilikuwa limesimamisha kisu kutwa nzima.

"Seni, nimesukuma pikipiki porini na tembo wapo. Unadhani naelekea wapi?"

Akafumba macho. Akasema, "Mwite daktari."

Nilimkuta daktari koridoni. Ni mama mmoja mpole, wala hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba kama angekubali mchana, wangekata chini ya goti. Sasa imepita. Itabidi wakate juu.

Ndugu zangu, sikujua tofauti yake. Sasa naijua. Mwenye goti anavishwa mguu wa bandia akatembea mpaka sokoni. Asiye nalo, kila hatua ni vita. Naiona kila asubuhi akijaribu kutoka mlangoni.

Mzee sikuwahi kumwambia. Anaamini mpaka leo kwamba mwanawe aliogopa kisu. Luhaga naye sikumlaumu, alifuata alivyolelewa.

Niliporudi Kilosa kufuata nguo za mgonjwa, nilichaji pikipiki usiku kucha. Asubuhi nikaondoka Magomeni peke yangu, mdogomdogo, barabara ileile, tope bado lipo. Sikusimama Ulaya.

Nikafika Mikumi. Kistari kimoja kilikuwa bado kinawaka.

Nilikaa juu ya pikipiki nje ya hospitali nikikiangalia, mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nina shida.

Kwa hiyo ukiniuliza chaji moja inafika wapi, nitakwambia ningekwenda peke yangu, ingenifikisha kwa mume wangu kabla ya saa sita mchana, akiwa na goti lake.

Mgonjwa akinyamaza, usimjibie. Inama kitandani, muulize yeye mwenyewe anamtaka nani. Ukishajua, ndiyo upakie pikipiki.