Jina Langu Nyuma ya Gauni la Mama Nzioka

Siku moja ambayo haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu, jina langu lilitembea hatua thelathini na moja kwenye uwanja wa nyumba yetu, mbele ya wazee wa koo mbili, likiwa limepigwa chapa nyeusi nyuma ya gauni la mama aliyekuja kumposea mwanawe dada yangu. Hatua hizo nilizihesabu. Ningeweza kumsimamisha kwenye ya kwanza, au hata ya kumi. Sikumsimamisha.

Nirudi nyuma kidogo ili uelewe jina lilifikaje huko.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nyumbani ni hapa hapa ninapoandikia, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka soko la Mukuyuni. Dada yangu Mwende alikuwa amepata mchumba, kijana mtulivu kutoka upande wa Tawa aitwaye Nzioka. Kijana hakuwa na shida. Shida ilikuwa mama yake. Tulikuwa tumesikia kwamba Mama Nzioka alikwisha kumkataa msichana mmoja kwa sababu chai ya kwao ilinuka moshi. Kama ni kweli sijui, na mpaka leo sijapata mtu wa kunithibitishia. Lakini kwetu tuliamini, na wiki nzima kabla ya wageni kufika mama yangu alikuwa akionja chai yake mwenyewe kama mtu anayeonja dawa. Mwende hakulala vizuri. Alimpenda yule kijana, na alijua kwamba neno la mama wa kijana ndilo litakaloamua.

Mimi nilipewa kazi moja. Wageni wangekuja na watoto, na watoto wasio na la kufanya hufunua sufuria za watu. Kwa hiyo mama akataka bembea kwenye mkwaju ulio upande wa chini wa uwanja, mbali na jiko, mbali pia na viti vya wazee.

"Kitu cha kukalia tu," aliniambia. Nikaitikia. Alipofika mlangoni akageuka. "Kioko, nimesema cha kukalia."

Ungenijua wakati ule ungeelewa kwa nini alirudia. Nilikuwa na miezi minane nikijifunza uchongaji kwa Mjomba Kimeu, kaka yake mama, aliyechonga wanyama wa kupelekwa Mombasa kuuzwa kwa watalii. Nilikuwa nimefikia hatua ya kuchonga kifaru ambaye watu walimtambua, hasa wakiambiwa mapema kwamba ni kifaru. Mwiko wa mama wa kusongea ugali nilikuwa nimeuchonga kichwa cha twiga, na akawa anashindwa kuushika bila masikio kumchoma kiganja.

Kutengeneza bembea yenyewe nilifanya vizuri, na hilo nalisema bila aibu. Nilichagua ubao wa mukau, mti wetu ambao mchwa huukwepa, urefu wake kama mkono wangu kuanzia begani mpaka kwenye vidole. Niliuchonga kwa tezo mpaka ukanyooka, nikaviringa kingo zake zisikate mapaja ya watoto. Matundu manne, moja kila pembe, niliyatoboa kwa chuma kilichowekwa motoni mpaka kikawa chekundu, kwa sababu tundu lililochomwa halipasuki upesi. Kamba ilikuwa ya katani. Mama aliisokota kwenye paja lake, vile vile anavyosokota nyuzi za kiondo, kisha tukazisuka tatu pamoja. Kule juu kwenye tawi nilitanguliza kipande cha tairi kuukuu ili kamba isile gome la mti. Mwishowe nilifunga gunia la ndengu kwenye kiti na kuliacha lining'inie usiku kucha. Asubuhi kila kitu kilikuwa mahali pake. Kama ningeishia hapo, nisingekuwa na la kukusimulia leo.

Lakini zilikuwa zimebaki siku tatu, na nilikuwa na patasi kali.

Nilianza na ndege wadogo pembeni mwa ubao. Wakapendeza. Nikaongeza majani. Katikati pakabaki mahali pakubwa patupu, na kijana wa miaka kumi na saba akiona mahali patupu huona jina lake. Nililichonga KIOKO kwa herufi kubwa, pana kama vidole viwili kila moja. Tena sikuzichimba ndani. Nilipunguza mbao kando yake ili herufi zenyewe zisimame juu, mtu azione hata akiwa langoni.

Jioni ya kuamkia siku ya wageni nilimwonyesha Mjomba Kimeu. Aliutazama ubao, akapitisha kiganja juu ya herufi, akaniuliza nitaupaka nini. Nikamwambia bado nafikiria. Akasema kitu cha kukaliwa hupakwa mafuta ya mbarika, kidogo tu, na kufutwa mpaka kitambaa kitoke safi. Basi, akaenda zake kuoga.

Mimi niliona mafuta ya mbarika ni mambo ya bibi. Kule karakanani, vifaru na twiga wetu tuliwapaka rangi nyeusi ya viatu ili wafanane na mpingo, na watalii walikuwa wakiwapenda hivyo. Nikachukua kopo zima. Nilipaka ndege, nikapaka majani, na jina nikalipaka mara tatu. Mwenzangu, ubao ule uling'aa kama kiatu cha chifu. Kitu kimoja sikukifikiria. Kifaru hukaa rafuni kivulini, na hakuna anayemkalia.

Siku iliyofuata jua lilichomoza na nguvu zake zote za Ukambani, na mkwaju wetu asubuhi hutupa kivuli upande mwingine. Saa nne ubao ulikuwa juani. Wageni walifika wakiimba, tukawapokea, wazee wakaketi. Mama Nzioka alikuwa mwanamke mrefu, kama wa miaka arobaini, na gauni lake jeupe lilikuwa limeshonwa kwa ajili ya siku ile. Mikunjo ya pasi ilionekana bado. Alikunywa chai. Hakusema lolote kuhusu chai. Mama yangu alisimama nyuma ya mlango wa jiko akitazama kikombe kile kikirudi mezani, na kilipofika kitupu alikaa chini.

Watoto waliokuja hawakuitaka bembea. Walikuwa wamegundua sungura wa jirani. Kwa hiyo nilikuwa nimesimama peke yangu kando ya kazi yangu, nikisubiri mtu yeyote aje kuisifu, nilipoona gauni jeupe linateremka kuelekea kwangu. Mama Nzioka alikuwa amewaachia wanaume maneno yao marefu.

"Inabeba mtu mzima?" akauliza.

Nikamwambia imebeba gunia la ndengu.

"Mimi si ndengu," akasema, lakini alikuwa tayari ameshika kamba. Alitazama nyuma kuona kama kuna anayemwangalia, akaketi. "Nisukume, kijana. Polepole. Na usimwambie mtu."

Nikamsukuma. Mara ya kwanza alikaza viatu chini. Mara ya tatu aliinua miguu. Mara ya tano nikasikia sauti ambayo sikuitarajia: yule mama aliyetuogopesha wiki nzima alikuwa anacheka, kicheko chembamba cha msichana, huku amefumba macho. Aliniambia kwamba mara ya mwisho kupanda bembea alikuwa hajang'oka meno ya mbele. Kisha akajisogeza.

"Kuna kitu kinanichoma huku."

"Ni maua tu, mama," nikajibu. Huo ulikuwa uongo wa kwanza wa siku hiyo, na ulihusu jina langu mwenyewe.

Aliposimama na kunipa mgongo ndipo nikaona. Ndege walikuwapo, majani yalikuwapo, na katikati yake herufi tano nyeusi, zimegeuka kama mtu anayejitazama kwenye kioo, lakini nzima, hakuna hata moja iliyopungua. Na nyumbani kwetu Kioko alikuwa mmoja tu.

Nilifungua mdomo. Akaanza kutembea. Nilijiambia nitamwambia akifika kwenye kinu, katikati ya uwanja. Alipita kinu. Nikajiambia labda hatawapa wazee mgongo, labda wana macho mabovu. Mwanangu, kila hatua aliyopiga ilifanya ile inayofuata iwe ngumu zaidi kuisimamisha, kwa sababu sasa ningelazimika kueleza pia kwa nini nilikuwa nimenyamaza. Niliona mbele yangu dada yangu akikataliwa, na chai ya moshi ikisahaulika kabisa, watu wakisimulia habari ya gauni tu.

Hatua ya thelathini na moja ilimkuta Mwende anatoka jikoni na sinia la viazi. Aliona nyuma ya gauni, kisha akaniona mimi kule chini kwenye mkwaju. Hakupiga kelele. Aliweka sinia juu ya mtungi, akafungua leso mpya aliyokuwa amejifunga, ile aliyopewa na mama siku hiyo hiyo, akampitishia mgeni kiunoni kwa nyuma na kuifunga mbele.

"Mama," akasema kwa sauti ya kusikika, "kwetu mgeni wa heshima haketi mara ya pili bila kufungwa leso."

Kwetu hakukuwa na desturi kama hiyo. Nilimwona baba akigeuza shingo kwa mshangao, halafu akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyekuwa akiingojea. Shangazi mmoja mwepesi wa kung'amua akapiga vigelegele, wengine wakafuata, na Mama Nzioka akaketi kati ya wanawake akiwa na leso ya dada yangu kiunoni. Alimtazama Mwende kwa muda mrefu. Kisha akawaambia wazee wake, bila kupandisha sauti, kwamba kwa upande wake hana neno lingine.

Harusi ilifanyika. Mwende na Nzioka wana wajukuu sasa. Na siku hizi nikienda kwenye posa za watu, mpaka Tawa huko, naona mama wa kijana akifungwa leso kabla ya kuketi, na nikiuliza naambiwa ni mila ya mababu. Nami huitikia kwa kichwa, kama baba siku ile.

Wageni walipoondoka, Mjomba Kimeu aliufungua ubao, akaulaza magotini na kufuta rangi kwa kidole, herufi baada ya herufi, mpaka nikatamani anichape. Mwishowe akasema, "Umemchongea anayetazama. Anayeketi hana macho huko anakoketia."

Akanipa kipande cha chupa nikwangue upande ule mpaka mti uonekane. Ilinichukua siku mbili, na jina halikutoka lote. Kisha akanionyesha kuugeuza ubao, upande laini juu, jina litazame ardhi. Nikapaka mafuta ya mbarika. Nilipomaliza akaniambia nikavae suruali yangu ya kanisani, ile ya rangi ya maziwa, niketi. Niliketi mpaka jioni. Ilipotoka safi ndipo akaniruhusu kula.

Nakuandikia haya kwa sababu mjukuu wangu Ndanu, anayesoma mjini Wote, yuko hapa likizo, na juzi aliutoa ubao ule stoo. Mchwa hawajaugusa. Anatengeneza bembea kwenye mkwaju ule ule, na amenionyesha kwenye simu picha za bembea zilizopakwa rangi za kila aina. Nimemwambia apambe. Simkatazi, kwa maana kitu kizuri humfurahisha hata anayekipita njiani. Achore ndege kwenye kingo, afunge shanga kwenye kamba, apake shina la mti chokaa akitaka.

Lakini sikiliza, mwanangu, nawe ambaye mikono yako bado inawashwa kutengeneza vitu. Unapomtengenezea mtu kitu, mfikirie kwanza huyo atakayekitumia, nguo zake na mwili wake, kabla ya macho ya watakaopita. Jina lako liweke chini. Kazi ikiwa nzuri, watu watauliza ni ya nani. Kabla hujamkaribisha mwenzako, keti wewe kwanza, na uwe umevaa nguo unayoipenda. Na ukikosea, sema kwenye hatua ya kwanza. Mimi niliokolewa na dada yangu. Si kila mtu ana dada wa namna hiyo, na anayekuwa naye asimchoshe. Mungu aipe mikono yako kazi na akupe watu wa kukifurahia unachotengeneza. Ulimi wako akuongezee wepesi pale panapohitajika.

Jambo moja sijaweza kulimaliza. Gauni lile Mama Nzioka alilifua mwenyewe, Mwende hakuruhusiwa kuligusa, na kwa miaka yote hii mama huyo hajanitajia neno hata moja. Ni kweli kwamba ana beberu anayemwita Kioko. Alipoulizwa, alisema ni kwa sababu alizaliwa asubuhi, na kweli hiyo ndiyo maana ya jina hilo kwa Kikamba. Mimi nami sijawahi kumwomba msamaha, kwa sababu kuomba ni kumwambia kwamba niliona nikanyamaza.

Sasa anakaribia miaka tisini. Amesikia habari za bembea, na jana alimtuma Mwende na ujumbe: anakuja Jumamosi, anataka kusukumwa polepole, na mimi ndiye nitakayemsukuma. Nimekwisha kuketi kwenye ubao ule saa nzima na suruali nyeupe, ikatoka safi.

Mwende anasema mama mkwe wake amekwisha kutoa gauni la kuvaa. Nimemuuliza ni lipi. Anasema ni jeupe, limekunjwa, na hajaonyeshwa upande wa nyuma.