Figa Nililovunja Darasani

Nilipopelekwa kufundisha jiografia katika shule moja ya harambee kule Kibirichia, miaka ya themanini, nilikuwa kijana wa Embu mwenye suruali mbili, stovu ya mafuta ya taa na nyundo. Nyundo ndiyo niliyoionea fahari. Niliinunua nikiwa chuoni, nikaamini kwamba mwalimu wa jiografia asiye na nyundo ni sawa na fundi cherehani asiye na sindano. Niliivaa kiunoni hata wakati wa gwaride la asubuhi, na wanafunzi wakanicheka kichinichini.

Kidato cha pili tukafika kwenye miamba. Kitabu kilikuwa kimoja kwa wanafunzi wanne, na mawe yote kwenye picha zake yalikuwa na rangi ya majivu. Nilikasirika. Tunaishi ubavuni mwa mlima uliowahi kutema moto, shamba la viazi halilimwi kabla ya kuokotwa mawe, halafu tujifunze mawe kwa picha? Nikawaagiza kila mmoja alete jiwe moja kutoka kwao. Mwenye jiwe bora angepata kalamu mpya.

Walileta. Mmoja alileta kipande cha tofali, akaapa kwamba kilichimbwa Timau. Mwingine alileta magadi ya mama yake ya kupikia, nami nikayakubali kwa furaha, maana hayo ni madini kweli. Wavulana wengi walileta kokoto walizookota langoni mwa shule dakika tano kabla ya kengele. Wa mwisho kuingia alikuwa msichana wa safu ya mbele, mkimya sana, amebeba jiwe mgongoni kwa kamba kama mzigo wa kuni. Lilikuwa kubwa kama kichwa cha ng'ombe, zito, limesuguliwa likatakata.

"Limetoka wapi hili?"

"Nyumbani, mwalimu."

Sikuuliza zaidi. Nilitangaza kwamba hilo ndilo jiwe bora, nikachomoa nyundo. Nikawaeleza kwamba ngozi ya jiwe huliwa na mvua na jua, kwa hiyo anayetaka kulijua lazima alitazame ndani. Pigo la nne likalipasua katikati. Ndani lilikuwa la kijivu, limetapakaa fuwele nyeupe zinazometameta, na mimi nikapandwa na wazimu wa furaha. Nilieleza jinsi fuwele hizo zilivyokua polepole lava ikiwa bado chini ya ardhi, kisha lava ikamwagika nje na kupoa haraka, ikazifunga humo. Wakapanga foleni kutazama. Msichana mwenyewe hakusimama. Nilidhani amezidiwa na furaha.

Kesho yake hakuja, wala keshokutwa. Nikamuuliza jirani yake wa dawati.

"Mwalimu, ile jiwe ilikuwa ya jiko ya shosho yake," akasema. "Aliitoa masizi na mchanga ndio isikuwe chafu."

Figa! Hata kwetu Embu, mama akishawekewa mafiga yake matatu, hayaondolewi jikoni akiwa hai, na mama yangu hakuturuhusu hata kuyakalia. Nami nilikuwa nimelipasua la mwenzake mbele ya darasa zima, tena kwa maelezo ya ubaoni.

Jioni hiyo nilipanda hadi kwao. Nyanya, ambaye ndiye aliyemlea yule msichana, alikuwa mlangoni pa jiko akimenya viazi. Ndani, sufuria ilikuwa imekaa juu ya mafiga mawili na kopo la rangi lililojazwa udongo. Kopo lilikuwa limebonyea, na msichana alikuwa ameishikilia sufuria kwa kitambaa ili isianguke.

"Shosho, nimekuja kuomba msamaha."

Alinitazama kiunoni. "Wewe ndiye ya nyundo?"

"Ndiye mimi."

"Hiyo mafiga nilipewa na mama ya bwanangu siku niliingia hii boma. Sasa imebaki mbili. Huyu mtoto atarudi shule siku jiko itasimama na miguu tatu. Saa hii anakaa hapa anishikie sufuria."

Nikashusha pumzi. Kumbe ni jiwe tu linalotakiwa! Nani Kibirichia nzima aliyesomea mawe kunishinda? Siku iliyofuata nilishuka mtoni, nikachagua jiwe la kupendeza, la mviringo, lenye mgongo bapa, nikalipandisha begani likinichuruzikia maji shingoni.

"Umechagua wewe mwenyewe?" akauliza nyanya.

"Mimi mwenyewe, shosho. Ni gumu sana, limetoka kwa volkeno."

"Haya, mwalimu. Weka."

Alihamisha kigoda chake hadi nje kabisa, akamwita mjukuu wake akae karibu naye. Hilo lingetosha kumshtua mtu mwenye akili. Mimi nilibaki ndani nikichochea moto chini ya githeri, najisifu moyoni.

Jiwe lililia pwaa! Sufuria ikaruka, mahindi na maharagwe yakatapakaa sakafuni, na kuku wakaingia kula kabla moshi haujatoka. Mimi sikumbuki nilivyotoka. Nilijikuta uani nimekumbatia mti wa parachichi. Nyanya alicheka mpaka kitambaa kikamvuka kichwani. Msichana alificha uso ndani ya sweta, lakini mabega yalikuwa yanatikisika.

"Jiwe ya mto imekunywa maji miaka yote," nyanya akasema alipopata pumzi. "Ukiipatia moto, hiyo maji itatokea wapi?"

Ningeweza kulichora jambo hilo ubaoni: maji yanageuka mvuke, mvuke unatafuta nafasi. Nililijua vizuri kabisa, na bado nilikuwa nimelipeleka jiwe lenyewe motoni kwa mikono yangu.

Jumamosi akatupeleka, mimi na mjukuu wake, hadi ukingoni mwa shamba la viazi, palipokuwa na rundo la mawe yaliyokaa juani miaka mingi. Alishika kijiwe kidogo, akawa anagonga moja baada ya jingine huku ameinamisha sikio. Jingine lilitoa sauti ya kuziba. "Hii iko na ufa," akalitupa. Kisha akagonga moja la kijivu, nalo likalia wazi kama kengele ya mbuzi.

Chuoni niliandika kwenye mtihani kwamba iko lava ya mlima huu ambayo jiwe lake hulia likigongwa, nikapata alama zote. Tangu hapo sikuwahi kugonga hata moja nikasikiliza.

"Na wewe hugonga ya nini?" akaniuliza.

"Kuvunja, shosho."

Akatikisa kichwa, akaendelea na kazi.

Nililibeba hilo jiwe kwa unyenyekevu. Alilichimbia mwenyewe, akateleka chai, na sufuria ikatulia bila kushikwa na mtu. Tukanywa.

"Basi Jumatatu atarudi shuleni," nikasema polepole.

"Atarudi. Lakini kalamu iko wapi?"

"Kalamu gani?"

"Ulisema jiwe nzuri inapewa kalamu. Huyu anaandika na kalamu ya kuombaomba tangu shule ifunguliwe. Hakuniambia. Alibeba figa yangu kwa sababu ndiyo jiwe nzuri tuko nayo. Haikuwa nzuri?"

Msichana aliinamia kikombe chake. Niliona aibu kuliko siku ile jiwe lilipolipuka. Jiwe lake lilikuwa bora, nililisema kwa kinywa changu, kisha nikalivunja na kusahau ahadi. Nikapapasa mfukoni. Kulikuwa na kalamu moja tu, nyekundu, ya kusahihishia. Nikampa, nikaahidi kumletea ya bluu Jumatatu.

"Hii inatosha, mwalimu," akasema, na akaishika kwa mikono miwili.

Jumatatu nilimletea ya bluu, naye akaikataa kwa adabu. Muhula mzima aliandika kwa wino mwekundu. Naibu wa mwalimu mkuu alipokuja juu kwamba mwanafunzi anatumia wino wa walimu, nilimwambia apande akamuulize nyanya yake. Hakupanda. Ile kalamu ya bluu nikaiweka mfukoni mwangu, na ndiyo niliyotumia kusahihisha daftari lake.