Spika ya Magesa Isiyoshika Stesheni

Harufu ya betri zilizoanikwa juani naijua hata leo: kutu kidogo, chumvi kidogo, na juu yake dagaa, kwa sababu kwetu Nansio betri na dagaa vilianikwa kwenye jiwe moja. Betri za redio zikichoka hazikutupwa. Zilipigwa jua mpaka zikapata nguvu ya kusema tena kidogo. Kidogo hicho mama alikitunza kwa ajili ya matangazo ya vifo ya mchana. Muziki ulikuwa marufuku. Redio ile, pekee upande wetu, ilikaa mezani imefunikwa kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, na saa ya matangazo ikifika tulinyamaza wote, hata kuku tuliwafukuza.

Masika ile bibi, mama yake mama, alikuwa mgonjwa Sengerema, ng'ambo ya ziwa. Simu hatukuwa nayo. Mama alikwisha kupatana na wajomba: hali ikibadilika watatangaza redioni, naye mama apande meli ya kwanza. Basi hakukosa matangazo hata siku moja. Alisikiliza ameinamisha kichwa, na yakisomwa majina ya watu wengine alishusha pumzi, kisha akaona aibu kwa kushukuru.

Sasa baba yangu. Mungu amrehemu, lakini maringo alikuwa nayo. Jirani alinunua baiskeli mpya, baba akajiona amedharauliwa. Asubuhi moja mama akiwa kwenye mihogo, baba aliiweka redio dirishani, akafungulia muziki wa dansi mpaka mwisho ili njia nzima ijue kwamba na sisi tumo. Nikamwambia, "Baba, mama amekataza." Akanijibu, "Kwani mama yako ndiye aliyeinunua?" Akaendelea kucheza peke yake, tumbo mbele, hana hata habari. Mama aliporudi kusikiliza matangazo, redio ilikoroma mara moja ikazima. Tulizikimbiza betri jiweni; mawingu yakatanda siku ile na zilizofuata, na dukani betri mpya hazikuwapo.

Wiki hiyo haijaisha, mchuuzi wa vitenge kutoka Sengerema alifika, akavua kofia mlangoni. "Pole na msiba, dada. Wametangaza, tukakungoja kaburini mpaka jua likageuka. Wazee wakasema tuzike." Mama hakulia mbele yake. Alimpa kiti, akamkaribisha uji, halafu akaenda nyuma kwenye lile jiwe, akaketi katikati ya dagaa na betri, akaangua kilio ambacho sijapata kukisikia tena. Baba akasema eti ni kazi ya Mungu. Kazi ya Mungu! Mungu ndiye aliyekuwa akicheza dansi dirishani?

Leo mdogo wangu Magesa, mwenye sebule ya vigae huko Buzuruga, amenunua spika ya mezani iliyotengenezwa ifanane na redio ya zamani. "Dada, inanikumbusha nyumbani," ananiambia. Nyumbani gani? Wakati huo alikuwa bado anabebwa mgongoni. Ati mbao, ni plastiki iliyopakwa rangi ya mbao. Ina kioo chenye namba za stesheni na mshale mwekundu uliogandishwa, hausogei kokote. Ndani hamna redio, inapokea nyimbo kutoka kwenye simu yake. Upuuzi mtupu! Shida zetu zimekuwa pambo, na wageni wanapiga nalo picha.

Sisemi zamani kulikuwa kuzuri. Siku hizi msiba unafika kwa simu papo hapo, na pale Busisi, njia ya kwenda Sengerema, gari linapita darajani bila kungoja kivuko. Leo mama angewahi kumzika mama yake. Hilo silidharau hata kidogo. Ninachokidharau ni kile kidude.

Juzi mama alikuja kutusalimia, na Magesa alikuwa amemwomba aje na kile kitambaa cheupe. Akakileta, akakitandika mwenyewe juu ya spika, akaketi karibu nayo. Mchana ulipofika akazungusha kitufe.

"Fungulia, mwanangu. Saa ya matangazo hii."

"Mama, hiyo haishiki stesheni," Magesa akacheka. "Ni ya muziki tu."

Mama akaitazama juu hadi chini.

"Kumbe ni ya baba yako," akasema. Akakitoa kitambaa chake, akakikunja, akakirudisha mkobani.